Maji Meupe, Maji Salama

(Mhadhara uliotolewa kwenye mkutano wa kijiji, Mufindi, Iringa)

Kamwene, wazee wangu. Kamwene, akina mama. Vijana, marahaba.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie faida za kunywa maji safi. Nitafika huko, ila naomba nianze na glasi hizi mbili. Moja nimeijaza asubuhi hii pale chemchemi ya bondeni. Nyingine ina maji yaliyochemshwa jana usiku. Nani aniambie ipi ni ipi? Mnaangaliana tu. Hata mimi nisingejua, kama nisingetia alama ya kalamu chini ya hii moja.

Hapo ndipo tunapokwama sisi watu wa nyanda za juu. Mtu wa tambarare za Usangu akichota maji ya mtoni wakati wa masika anaona tope, anaogopa. Yetu ni meupe, ya baridi, matamu, yanatoka chini ya miti. Nani atayaogopa? Lakini hebu pandeni nami kutoka chemchemi ile. Juu yake kidogo kuna vinyungu, yaani bustani zetu za mabondeni, na humo tunamwaga samadi. Ukivipita unakuta ng'ombe wanachungwa. Ukipanda tena ndiyo hizi nyumba zetu na vyoo vyetu vya shimo. Mvua ikipiga usiku, vyote hivyo vinateremka.

Vijidudu vya homa ya matumbo, hii tunayoiita taifodi, havikai kwa ng'ombe wala kuku. Vinakaa kwa binadamu peke yake. Kwa hiyo aliyepata taifodi kwenye maji amekunywa kinyesi cha binadamu mwenzake. Wazee wangu mniwie radhi kwa neno hilo, lakini nikilizungukazunguka tutaendelea kuuguza watoto.

Na utamu wa maji si ushahidi. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari aitwaye John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaona vinazunguka pampu moja ya maji, ya Broad Street. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeshahama mtaa ule, anaishi mbali kabisa, Hampstead. Lakini aliyapenda maji ya pampu ile kwa ladha yake, akawa analetewa chupa. Akafa kwa kipindupindu, huko huko mbali. Mimi kila nikimkumbuka mama yule nawakumbuka watu wa hapa wanaoniambia, "Haya yetu ni matamu, ya bomba yananuka dawa."

Mzee wangu pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: mbona babu zetu waliyanywa haya haya na wakafika miaka tisini? Ni swali zuri. Waliofika tisini ndio tuliowaona. Waliokufa kwa kuhara wakiwa na mwaka mmoja, miwili, hawakupata nafasi ya kutusimulia. Waulizeni bibi zenu walizaa wangapi na walilea wangapi. Tena enzi hizo juu ya chemchemi kulikuwa na msitu. Leo tuko sisi.

Sasa kuchemsha. Akina mama wengi wananiambia kuni ni shida, na wana haki. Wapo waliofundishwa kwamba maji yatokote dakika ishirini. Kuni zinapotea bure hizo! Huku kwetu juu, mita kama 1,900 kutoka usawa wa bahari, maji hutokota yakiwa na nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam. Msiwe na wasiwasi, joto hilo linatosha kuua vijidudu vya kuhara na taifodi. Yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika tatu, epua. Asiye na kuni atumie dawa ya klorini, afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, asubiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Lakini kuchemsha ni nusu ya kazi, na nusu hii ya pili ndiyo inayoniuma. Niliwahi kukaa jikoni kwa mama mmoja, mwangalifu sana. Alichemsha, akafunika, akapooza, akamimina kwenye ndoo safi. Nikafurahi. Akaingia mtoto kutoka kucheza na mbwa, akachukua kikombe juu ya jiwe, akakizamisha kwenye ndoo mpaka kidole gumba kikaingia ndani ya maji. Akanywa, masalia akayarudisha kwenye ndoo. Kuni zote zile, na moshi wote ule machoni! Maji yalirudi kuwa ya bondeni kwa sekunde mbili.

Kuhusu kiasi: baridi hii ya Juni na Julai inatudanganya, kiu haisikiki. Mchumaji wa chai anashinda shambani na kikombe kimoja, jioni kichwa kinamgonga, choo kigumu. Angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unadai maji. Figo zikinyimwa hivyo muda mrefu, mawe hujijenga. Maji ya uvuguvugu ni maji pia, nyweni hayo. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usiuhesabu.

Na mtoto akiharisha, usimnyime maji. Lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo huku mnakwenda zahanati.

Nimekuja na ndoo yenye mfuniko na koki. Naomba mama mmoja aje hapa mbele na mtoto wake, tumwone mtoto akijikingia mwenyewe bila mkono kugusa maji.