Mnaouliza "kaka si ulikuwa unakipiga, sheria umeitoa wapi?"

Haya wadau, mambo vipi. Video hii sikuipanga, ila makomenti yamezidi, nikipandisha hata video ya kununua unga wa ugali kuna mtu chini anaandika "kaka si ulikuwa unakipiga wewe, sheria umeitoa wapi?" Na wengine hawaulizi, wanachokonoa. Sasa najibu leo nimalize, mtakaosema najimwambafai na mtakaosema nalialia, wote nawasalimia, mtagawana wenyewe.

Kwanza tuwekane sawa, mimi SIO wakili. Nina degree, nina masters ya sheria za michezo, ila kusimama kama wakili hapa Uingereza bado, kwa hiyo acheni kuniita mheshimiwa, mawakili wenyewe wanacheka.

Ligi yetu ya Bongo nilicheza misimu minne, hayo mnayajua, siyarudii, na ile penalti pia siirudii. Nikaenda Oman. Klabu siitaji. Machi 2020 ligi ikasimama kwa korona, tukaambiwa nendeni makwenu tutawatumia, na hapo nilikuwa nawadai mishahara ya miezi mitatu, Disemba, Januari, Februari. Simu mwanzoni ilikuwa inaita haipokelewi, baadaye ikawa haiiti kabisa. Mkataba wenyewe kopi sina, nilisaini hotelini usiku, wakasema kopi utapata kesho, na hiyo kesho bado naisubiri. Goti nalo likagoma mwaka huohuo nikatundika daruga.

Sasa sikia. Oktoba 2023, nipo darasani hapa, wiki ya tatu tu, mwalimu anaongea kawaida kabisa kama anasoma menyu, anasema mchezaji wa kigeni akiidai klabu anapeleka madai FIFA, mchezaji halipishwi ada ya kesi, ila miaka miwili ikishapita toka jambo litokee hawayasikilizi tena. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Miaka mitatu na nusu. Yaani dirisha lilikuwa wazi miaka miwili mizima na mimi niko Dar naomba dua, na hapo degree ya sheria ninayo tayari, niliisoma kwa masafa miaka sita kati ya mazoezi na safari za basi, ardhi nimesoma, mirathi nimesoma, hiki sikukutana nacho. Siku ile nilitoka nikakaa chooni nusu saa. Kwa hiyo anayeuliza nani alinishauri kubobea kwenye sheria za michezo, ni hasira tu bana, sio akili nyingi.

Na kuna kitu kilichoniuma zaidi. Toka 2018 kanuni zinasema klabu isipokulipa mishahara miwili, unawaandikia barua, unawapa siku 15, wasipolipa unavunja mkataba kwa haki yako. Barua moja! Mimi nilikuwa natuma voice note.

Wabongo mtasema mbona yule mchezaji Fei Toto alivunja mkataba na klabu yake ya Yanga ikawa balaa. Ile mnaijua, ila ile ni ya ndani, Mtanzania na klabu ya Tanzania, inaenda kamati ya TFF, shirikisho letu la mpira, na Fei hakuwa anadai mishahara, aliweka hela mwenyewe ili atoke. Msichanganye.

Haya hela, maana najua ndo mnachosubiri. Ada ya masters sisemi, mke wangu hajui yote. Viza ya kubaki baada ya chuo, kuna ada ya afya paundi 1,035 kwa mwaka, unalipa miaka miwili kwa mkupuo, 2,070 zinaondoka kabla hujajua kama watakupa, na ada ya viza yenyewe ipo pembeni. Ili uwe wakili kuna mitihani inaitwa SQE, ya kwanza maswali 360 ya kuchagua, ya pili ya vitendo, zote karibu paundi 5,000, hapo hujalipia pa kujiandaa. Halafu miaka miwili ya kazi chini ya wanasheria. Kwenye hiyo miaka miwili mimi nahesabiwa siku mbili kwa wiki ninazofanya kwenye kituo cha msaada wa sheria, hawanilipi, kwa hiyo usiku nabeba maboksi. Ndiyo, maboksi, na masters yangu.

Makaratasi ndo yaliniua. Cheti cha form four kimeandikwa Hamisi, pasi imeandikwa Hamis. Herufi moja! Ofisi moja ikanirudisha nikale kiapo, nikala, ikasema kiapo kiwe na muhuri mwingine, wa pili ukachukua wiki tano, msimu mzima wa kuanza chuo ukanipita. Na kipindi kilekile ndugu yangu mmoja kaniblock sababu sikumtumia hela ya bodaboda. Anadhani huku tunaokota. Wewe unajijua, na mama hajambo anakusalimia.

Mnauliza pia, kwa nini usiwe wakala wa wachezaji tu? Mtihani wa wakala wa FIFA ni maswali 20, saa moja, unatakiwa upate asilimia 75. Inawezekana, wapo wanaofanya vizuri. Mimi binafsi nimekaa na mawakala sana, sitaki kuongea.

Waliotoka uwanjani wakaingia kwenye sheria wapo lakini. Gareth Farrelly, yule aliyekuwa Everton ya hapa Uingereza, akafunga Mei 1998 dhidi ya Coventry, Everton wakanusurika kushuka daraja, leo mwanasheria. 2007 alisajiliwa Cork City ya Ireland, kanuni ya FIFA ya idadi ya klabu kwa msimu ikamzuia kucheza. Yaani naye alikutana na kanuni kabla ya kitabu. Udo Onwere, kiungo wa zamani wa Fulham, naye wakili London. Ila hao walianzia hapa hapa, hawakuombwa kiapo cha Hamisi, msijilinganishe nao na msijilinganishe na mimi, kila mtu na goti lake.

Niishie hapa, maboksi yanaanza saa nne. Wadogo zangu mnaonitumia mikataba inbox, ushauri rasmi siruhusiwi, nasoma tu kama kaka. Ila mpige picha isiyo na ukungu, na kurasa zote, ile ya mwisho yenye sahihi mnaisahau kila siku.