Dagaa, Nguo na Vitendawili: Namna ya Kumfundisha Mtoto Mdogo kwa Kazi za Nyumbani

Wazazi na walezi wenzangu, karibuni. Hiki mnachokiona mbele yangu ni sinia la dagaa, sado moja niliyoinunua jana Mwaloni, Kirumba, na huyu aliyekaa kando yangu mkekani ni mjukuu wangu ambaye mwezi ujao atatimiza miaka minne. Tuko uani kwetu, Mabatini, jijini Mwanza, na hamtaona hapa kifaa chochote cha kufundishia kilichonunuliwa dukani, kwa kuwa hatukununua. Nimefundisha darasa la awali kwa miaka mingi, na karibu kila Januari huja mzazi akisikitika kwamba mtoto wake hawezi kuhesabu wala kueleza jambo, ilhali mtoto huyo amekulia katika nyumba ambamo kila siku samaki wanahesabiwa, nguo zinapangwa na chakula kinagawanywa mbele ya macho yake. Kazi zilikuwapo. Hakuwapo mtu wa kumwita akae karibu, kumtajia kinachofanyika na kumsubiri ajibu, na hayo matatu ndiyo nitakayowaonyesha leo.

Kabla ya kuanza, chagueni kazi moja tu, na iwe kazi isiyo na haraka. Saa ya kusonga ugali, wakati kila mtu ana njaa na jiko la mkaa limewaka, si saa ya kumfundisha mtoto, na kwa kweli mtoto mdogo hapaswi kuwa karibu na jiko hilo hata kidogo. Sisi tumechagua asubuhi ya Jumamosi, na tutatumia robo saa hivi, kwa sababu mtoto wa umri huu akichoka huondoka, naye akiondoka tusimkamate. Zimeni televisheni, na simu iwekeni mbali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri mtoto wa chini ya miaka miwili atazamishwe televisheni au simu, na kwa wa miaka miwili hadi minne linataka isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo hata video hii ni yenu ninyi wakubwa. Itazameni mtoto akiwa amelala.

Hatua ya kwanza ni kumpa mtoto sehemu halisi ya kazi. Tazameni: nimemwagia dagaa wachache upande wake wa sinia, na nimemwekea vibakuli viwili, kimoja cha dagaa safi na kingine cha uchafu. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga huja na vijiwe na vipande vya makombe, tofauti na wale waliokaushwa juu ya vichanja, na leo nimechagua wa mchangani kwa makusudi, ili awe na kitu cha kutafuta. Mtoto wa miaka miwili mwacheni ahamishe dagaa kutoka kibakuli hiki kwenda kile, na hilo peke yake linavipa nguvu vidole ambavyo baadaye vitashika penseli; kaeni naye karibu tu, maana wa umri huo bado hutia vijiwe mdomoni. Wa miaka mitatu anaweza kutenga wakubwa na wadogo. Huyu wa karibu minne anatoa uchafu na kuhesabu. Kazi yake haitakuwa nzuri kama yenu, na mtairudia akishaondoka, lakini msiirudie mbele yake.

Hatua ya pili ni kutaja. Semeni kile ambacho mikono inakifanya, kwa sentensi nzima na kwa sauti ya kawaida: "Ninamtoa kichwa dagaa huyu kwa sababu kichwa ni kichungu. Huyu ni mkavu, anavunjika. Huyu bado ana unyevu, anapinda." Wengi wetu tukiwa na mtoto tunatoa amri tu, leta, acha, kaa, toka, na mtoto anayesikia amri pekee hawezi kupata maneno ya kueleza jinsi kitu kilivyo wala kwa nini kimekuwa hivyo. Hata mtoto wa miezi minane aliye mgongoni anastahili kuambiwa. Hajui maana, lakini anasikia mwendo wa lugha, naye akitoa sauti, mgeukieni mumjibu kana kwamba amesema neno.

Katika kuhesabu, lugha yetu inatupa msaada ambao wazazi wengi hawautambui. Msihesabu "moja, mbili, tatu" peke yake kama wimbo; hesabuni vitu kwa majina yake: dagaa wawili, vijiko viwili, sahani mbili, mawe mawili, mikeka miwili. Mtoto anajifunza kwa pamoja idadi na upatanisho wa maneno, jambo ambalo hakuna mtu atakayemfundisha kwa kanuni mpaka awe mkubwa. Akisema "vijiko mbili", msimcheke wala kumkatiza, rudisheni sentensi yake ikiwa imenyooka: "Ndiyo, umeleta vijiko viwili." Na kama nyumbani bibi au babu anahesabu kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, aendelee. Mjukuu wangu humwamkia jirani yetu "Mwangaluka" asubuhi, akigeuka kwangu anasema "Shikamoo, bibi", na sijamwona akichanganya hata siku moja nani anaambiwa nini. Mtoto hupokea lugha mbili kwa wakati mmoja bila kuumia.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na naomba muiangalie kwa makini katika sehemu hii ya video. Ninamuuliza: "Kwa nini unafikiri huyu tumemweka kwenye uchafu?" Kisha ninanyamaza. Mikono yangu inaendelea, macho yangu yako kwake, na moyoni ninahesabu polepole mpaka tano, wakati mwingine mpaka kumi. Mnaona anavyotazama sinia, anavyokunja midomo, anavyotaka kuinuka kisha anakaa? Anafikiri. Sasa anasema, "Amekatika mkia, lakini anakulika." Kumbe nilikosea mimi, na nimemrudisha dagaa kibakulini. Kwa watoto wangu mwenyewe sikuwahi kusubiri hivi. Niliuliza na kujibu papo hapo, nikidhani ninawafundisha, kumbe nilikuwa ninajifundisha mimi. Swali lenye jibu la ndiyo au hapana halihitaji subira kubwa, ndiyo maana ninawashauri muulize zaidi "kwa nini", "kitatokea nini" na "umejuaje".

Maswali ya mtoto mwenyewe nayo yanataka subira ileile. Wiki mbili zilizopita tulienda sokoni tukakuta dagaa ni wachache na bei imepanda, naye akauliza wamekwenda wapi. Usiku ule nilimtoa nje nikamwonyesha mwezi mpevu, nikamweleza kwamba wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na kwamba mbalamwezi inapong'aa ziwani taa ya mtumbwi haina nguvu ya kuwakusanya, hivyo wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Tangu siku hiyo kila jioni anautazama mwezi na kutangaza kama kutakuwa na mboga. Hakosi sana.

Sasa tuhamie kwenye kamba ya nguo. Hatua ni zilezile, kwa hiyo sitazirudia, ila ninataka muone utajiri uliomo. Soksi zinamfundisha jozi: anatafuta inayofanana kwa rangi, kisha kwa ukubwa. Nguo zinamfundisha watu wa nyumba, maana anaulizwa hii ni ya nani. Vibanio vinavipa vidole kazi, kwa kuwa kukibana na kukiachia kunahitaji nguvu. Pia kuna maneno yanayokwenda na kurudi: tunaanika na kuanua, tunakunja na kukunjua, tunafunga na kufungua, tunavaa na kuvua. Semeni yote mawili huku mkitenda yote mawili. Siku chache baada ya kulianza zoezi hili, mjukuu wangu aliletewa ugali ambao hakuutaka, akamwomba shangazi yake aupikue. Tulicheka sana, lakini mwalimu ndani yangu alifurahi, kwa maana neno hilo hakulisikia popote. Alikuwa ameigundua kanuni na kuijaribu. Mawingu yakikusanyika upande wa ziwa, mwachieni yeye kazi ya kupiga kelele kwamba nguo zianuliwe.

Maji yaliyobaki ya kusuuzia yanatosha kwa mchezo mfupi. Mimina kiasi cha kina cha vidole vitatu katika karai, kusanya kizibo cha chupa, kijiko, jiwe, jani na kijiti, kisha kabla ya kutia kila kimoja muulize kama kitaelea au kitazama, na usubiri. Mtu mzima asiondoke hata kwa dakika moja, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache sana, na mchezo ukiisha karai limwagwe. Tufanye mchezo huu nyumbani wala si ufukweni. Maji ya kando ya ziwa, hasa penye magugu na konokono, yana vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi bila mtu kuhisi, na ninasikitika ninapoona watoto wametumwa kuoshea vyombo humo.

Safari ya sokoni inahitaji maandalizi madogo. Kabla ya kutoka, mpe mtoto vitu vitatu vya kukumbuka, kwa mfano nyanya, vitunguu na limau, umwambie kwamba yeye ndiye karatasi yako. Njiani mshike mkono, hasa mkivuka barabara ya Makongoro yenye daladala na bodaboda zisizoisha, na mwonyeshe namba zilizoandikwa kwenye magari. Mkifika kwa muuzaji, mwache asalimie mwenyewe na ataje anachotaka, hata kama sauti ni ndogo na foleni ni ndefu. Wauzaji wengi niliowakuta ni wavumilivu kuliko sisi wazazi. Mkabidhi sarafu ya shilingi 500 aitoe yeye, na chenji apokee yeye. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuanza kuelewa kwamba sarafu mbili za 100 ni sawa na moja ya 200, ingawa wa miaka mitatu atasisitiza kwamba mbili ni nyingi zaidi, na hapo msibishane naye. Mkirudi mkiwa na samaki, sato au sangara, miiba itolewe na mtu mzima, na karanga nzima wasipewe watoto wa chini ya miaka mitano kwa sababu huweza kukwama kooni.

Neno moja kwa akina baba. Ninajua wengine mnarudi alfajiri kutoka ziwani na wengine mnatoka kabla mtoto hajaamka, lakini haya yote hayahitaji mwanamke. Kuosha mtumbwi, kushona nyavu, kufunga mnyororo wa baiskeli na kupima mbao ni masomo kamili, na mtoto anayempa baba yake spana sahihi amejifunza ukubwa kwa njia ambayo daftari haliwezi.

Tumalizie jioni, baada ya chakula, tukiwa tumekaa mlangoni. Vitendawili ni hatua zote tatu zikiwa pamoja, kwa sababu vinataja kitu kwa sifa zake, vinauliza, na kwa desturi vinamlazimu mtegaji asubiri. Anzeni na vyepesi, vya vitu ambavyo mtoto amevishika mchana: "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa, mwambieni awape mji, na mfundisheni kutoa ya mkoani kwetu, Ukerewe, Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba, mpaka majina hayo yamkae mdomoni. Kisha mwacheni atunge chake. Msikilizeni wa kwetu:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Analala mchana, usiku anavaa taa."

Nimesema ni mwezi, amekataa. Nimesema ni nyota, amekataa. Nimesubiri anisaidie, hakunisaidia, naye anataka mji. Nimempa Mwanza, amekataa tena: Mwanza ni yetu tayari, nitoe mwingine. Basi nimempa Ukerewe, na visiwa vyake vyote, akaridhika, akanijibu kwamba ni mtumbwi wa dagaa.