Treni ya Kuni Msituni: Injini ya Shay na Magogo ya Michigan

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Kombo. Leo tunazungumzia reli, ila si ya abiria.

KOMBO: Ni reli ya magogo, dada. Twende Michigan, kaskazini mwa Marekani, miaka ya 1870. Misonobari imesongamana, miji inajengwa kila upande, mbao zinatakiwa. Taabu ni kulitoa gogo porini. Majira ya baridi walimwaga maji njiani yakaganda, farasi wakakokota magogo juu ya barafu hadi mtoni. Barafu ikiyeyuka, kazi imesimama. Mwaka wa theluji haba, mwenye kiwanda kala hasara.

ZUHURA: Ndipo anapoingia Ephraim Shay.

KOMBO: Ndiye. Alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na magogo aliyataka mwaka mzima. Akatandika reli za mbao. Si chuma, mbao tupu! Mwanzoni mabehewa yalivutwa na farasi, lakini kwenye mteremko behewa lililosheheni lilimkimbilia mnyama kwa nyuma na kumgonga. Akaona aweke injini ya mvuke. Ile ya kwanza ikamharibia njia.

ZUHURA: Kwa nini?

KOMBO: Injini ya kawaida ina magurudumu makubwa yaliyofungwa kwenye fremu moja ngumu. Kwenye kona haikunji, inaisukuma reli kwa nguvu, na mbao hazistahimili hilo. Lakini Shay aliyatazama mabehewa yake. Mazito, na yanapita bila kuvunja kitu, kwa sababu magurudumu yake ni madogo na yamekaa kwenye vigari viwili vinavyojigeuza, kimoja mbele na kimoja nyuma. Basi akaipa injini miguu ya behewa.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapompendea sana mtu huyu. Mhandisi wa reli kubwa angesema nyosha njia, chonga mlima, lete chuma. Shay alijua reli ya magogo ina uhai wa miaka michache: miti ikiisha, inang'olewa na kupelekwa kwingine. Nani atalipia kunyoosha njia ya namna hiyo? Akaitengeneza mashine ikubaliane na njia mbovu. Sasa tueleze, nguvu inafikaje kwenye magurudumu yanayogeuka huku na huku?

KOMBO: Silinda zimesimama wima, nje, ubavu wa kulia. Zinazungusha shafti ndefu inayopita kando ya injini. Fundi wa magari akiiona ataitambua mara moja: ni propela, yenye viungo vinavyokunja na sehemu inayorefuka na kufupika kwenye kona. Kila ekseli ina gia yake, kwa hiyo kila gurudumu linavuta. Na boila imesogezwa kushoto ili kusawazisha uzito wa silinda, ndiyo maana ukiitazama kwa mbele inaonekana imekaa upande. Mbio haina, kilomita 20 kwa saa ni nyingi kwake. Lakini milima inapanda! Reli kuu huona mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 ni mkali tayari. Kule Cass, West Virginia, injini za Shay zinapanda hadi mita 11.

ZUHURA: Hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, alipewa 1881. Kampuni ya Lima, jimbo la Ohio, ilianza kuzitengeneza 1880, na hadi 1945 zilikuwa zimetoka zaidi ya 2,700. Sasa kuni, kaka.

KOMBO: Kuni zilikuwa pale pale: magome, matawi, vipande vya kiwandani. Nani anunue makaa ya mawe? Ila kuni huungua upesi, na joto lake ni dogo kuliko la makaa kwa uzito ule ule, kwa hiyo mchochea moto hakai chini. Na hutoa cheche nyepesi zinazoruka mbali zikiwa bado hai. Ndiyo sababu zile dohani zina tumbo kubwa. Ndani kuna koni inayougonga moshi ili cheche zizunguke na kuanguka, na juu kuna wavu.

ZUHURA: Na bado moto ulitoka. Tukae hapa kidogo, kwa sababu hadithi za reli mara nyingi hupapita hapa haraka. Wakata miti walichukua shina na kuacha matawi yakauke chini, ekari kwa ekari. Oktoba 1918, huko Cloquet, Minnesota, ukame, upepo na cheche za treni vilikutana. Walikufa watu zaidi ya 450: wakulima, akina mama, watoto. Reli wakati huo ilikuwa chini ya serikali kwa sababu ya vita, na waathirika walingoja hadi 1935 kumaliziwa fidia.

KOMBO: Hofu hiyo ya moto ni sababu mojawapo iliyowafanya wengi wa pwani ya magharibi waache kuni na kuchoma mafuta. Kisha malori yakaja, reli za msituni zikang'olewa. Cass wamehifadhi injini za Shay. Shay nambari 5 ya mwaka 1905 bado inapanda mlima wake, siku hizi kwa makaa ya mawe, na wageni wanakaa kwenye mabehewa ya magogo yaliyotiwa viti.

ZUHURA: Na kwetu Tanga? Wajerumani walijenga reli nyembamba ya upana wa sentimita 75 kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya eneo la Amani, kushusha mbao za Usambara. Na kule Shume mlima uliwashinda kwa reli, wakashusha magogo ya miti ya mitarakwa kwa waya hadi Mkumbara.

KOMBO: Hizo mbili zinastahili kipindi chao. Mwenye picha ya zamani ya Sigi au Mkumbara, au masimulizi aliyoachiwa na wazee wake, atutumie ujumbe wa sauti.