Ganda la Risasi Lina Kwao

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Mmenialika nieleze namna ya kuunda ditekta ya kutafuta metali iliyofukiwa ardhini. Nitaeleza, ila kwa ufupi, maana chombo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Ni hiki hapa. Koili nimeizungusha kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, mizunguko 25, kwa waya wa shaba wa kufungia mota. Mpini ni bomba la plastiki, betri ni ya pikipiki, volti 12. Saketi inapeleka umeme kwenye koili kwa vipigo vifupi, mamia kwa sekunde, na kila kipigo kinakatwa ghafla. Kama chini kuna metali, ndani yake huzuka mkondo mdogo unaochelewa kufa, na saketi inausikiliza na kuugeuza mlio. Iko aina rahisi zaidi, ya masafa mawili yanayogongana, ambayo fundi redio yeyote ataiunga kwa siku moja. Lakini ipeleke kwenye udongo mwekundu wa Kondoa uliojaa chuma, italia hovyo mpaka uitupe. Hii inavumilia, ingawa haitofautishi msumari na risasi, kwa hiyo vizibo vya soda utavichimba sana. Basi. Mchoro uko ukutani.

Sasa niwaambie habari ya kiroba. Walionisikia kwingine wanivumilie, nitairudia mpaka ieleweke.

Kijana alikuja kwangu kutoka Kondoa na kiroba cha maganda ya risasi za Vita Kuu ya Kwanza, kilo kama saba, yameota kutu ya kijani. Alitaka bei. Nikayamwaga kwenye turubai. Mengine yana kitako kilichotokeza nje kama ukingo wa sahani: hayo ni ya upande wa Waingereza, milimita 7.7. Mengine kitako kiko sawa na mwili, kimezungushiwa mfereji: ya bunduki ya Mauser ya Mjerumani, milimita 7.92. Halafu matatu manene, milimita 11, ya ile Mauser ya zamani ya mwaka 1871, ambayo askari wengi Waafrika wa Mjerumani walianza nayo vita. Bunduki ile ilitoa moshi. Ukifyatua tu, adui anajua ulipo.

Nikamuuliza, "Mwanangu, haya matatu umeyaokota wapi?"

"Huko huko, mzee."

Huko wapi? Kilimani au bondeni? Yalikuwa pamoja au mbalimbali? Hajui. Miezi minne amepita makorongoni akitia kila kitu katika kiroba kimoja.

Mnaelewa kilichopotea? Usiku wa tarehe 9 Mei 1916 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwapandisha askari wake kwenye vilima vya Kondoa Irangi, ambako van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, na jeshi lake la Afrika Kusini walikuwa wamejichimbia. Walipanda, wakarudishwa, wakapanda tena. Vitabu vya usiku ule wameandika maofisa. Askari Mnyamwezi au Msukuma aliyelala kifudifudi kwenye mteremko hakuandika kitu. Alichoacha ni ganda. Maganda matano mahali pamoja: mtu alikaa hapo akafyatua mara tano. Hatua kumi mbele, mawili: alisogea. Mbele ya hapo, hakuna kitu tena. Hiyo ndiyo barua yake, nasi tumeichana tukaitia kirobani! Kijana yule aliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Njaa yake simlaumu. Nawalaumu waliomfundisha kuunga saketi bila kumpa daftari.

Kwa hiyo, kabla hujachomoa: piga picha kitu kikiwa bado ardhini. Nakili namba za mahali kutoka kwenye simu. Andika kina. Kila ganda liwe na mfuko wake. Ukimaliza yote hayo ndipo uchomoe.

Naona mmoja pale anataka kuuliza dhahabu ya Mjerumani. Haya. Dhahabu ilikuwepo, tena ya kwetu hapa kati: ya Sekenke, kule Iramba. Ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 zikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, karibu 16,000. Zilipigwa zitumike, si zizikwe chini ya kila mbuyu! Anayekuuzia ramani ya hazina, muulize mbona hachimbi mwenyewe. Kwa ajili ya ramani hizo watu wanabomoa misingi ya majengo ya kale, wanafukua makaburi. Makaburi, ndugu zangu.

Halafu Ugogo. Dodoma ilitwaliwa tarehe 29 Julai 1916, lakini jeraha lenyewe lilikuja baadaye. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua vijana kwa upagazi, kisha mvua ikakosa. Wagogo wakaiita Mtunya njaa ile ya 1917 hadi 1920. Bibi yangu hakupenda kulitaja jina hilo wakati wa kula. Ditekta hailii juu ya kaburi la mpagazi. Waulizeni wazee waliosalia na masimulizi hayo, mwandike katika daftari lile lile la maganda.

Naoneshwa saa. Haraka basi: kombora zima usiliguse, usilipige nyundo, usilipakie bodaboda. Miaka mia haikulipoza. Baadhi ya yale ya Waingereza yalijazwa asidi ya pikriki, kilipuzi kikali, na ikikaa na metali hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa mguso. Weka alama kwa mbali, waite polisi. Vibali: iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nendeni ofisi ya Mambo ya Kale kabla ya kuchimba, na mwenye shamba aombwe. Kuhusu kusafisha kwa siki, nilikuwa na maneno mengi. Kwa leo nasema msisafishe.

Twendeni nje. Nyuma ya ukumbi nimefukia maganda tisa tangu asubuhi. Chukueni kalamu. Nataka mniambie mpigaji alianzia wapi na alielekea wapi, na atakayechomoa la kwanza kabla ya kuandika, arudi akae.