Jeffries Alirudishwa Ulingoni Kutetea Nini?

Ndugu zangu, habari za bondia Muhammad Ali mnazijua, sitazirudia. Mimi bado nang'ang'ania Jack Johnson, bondia Mweusi wa Marekani, na walionisikia siku nyingine wanivumilie. Kila nikikaa na vijana wapenda ngumi naambiwa ubaguzi wa Marekani ulihusu nani apewe pambano. Hapana! Ulihusu nani ahesabiwe mwanaume.

Twendeni Reno, Nevada, tarehe 4 Julai 1910. Jim Jeffries, Mzungu aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu, alishastaafu tangu 1905 bila kupigwa na mtu, yuko shambani kwake, amenenepa. Lakini Johnson, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, alishamtwanga Tommy Burns, bingwa wa wakati huo, kule Sydney mwaka 1908, na kwa mara ya kwanza ubingwa wa dunia wa uzito wa juu ukashikwa na Mweusi. Magazeti yakamwandama Jeffries: rudi, uiokoe heshima ya Wazungu. Akapunguza zaidi ya kilo 40, akarudi.

Johnson hana haraka. Anamkumbatia Jeffries, anambana mikono, anamsemesha, meno ya dhahabu nje. Kwenye kona ya Jeffries yuko Jim Corbett, bingwa wa zamani, anaporomosha matusi; Johnson anamgeukia na kumjibu huku ngumi zinaendelea. Raundi ya 15, Jeffries, ambaye hakuwahi kuangushwa, akaenda chini, akainuka, akaenda chini tena. Watu wake wakaingia ulingoni kuyamaliza.

Usiku ule Weusi walishambuliwa mji baada ya mji, wako waliouawa, wengine kwa kosa la kushangilia tu. Mwaka 1912 Bunge la Marekani likapiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo hadi jimbo. Kama ni mchezo tu, filamu ilimtisha nani?

Mtaniambia Johnson alijitakia: magari ya kasi, majigambo, wake wa Kizungu. Haya, na John L. Sullivan, bingwa Mzungu wa kabla yao? Mlevi, mwenye majigambo kuliko wote, aliyekataa waziwazi kupigana na Weusi. Yeye aliitwa dume la taifa! Johnson alipewa baraza la mahakama la Wazungu watupu, likamtia hatiani mwaka 1913 kwa sheria ya kuvusha wanawake mipaka ya majimbo kwa uasherati: mwaka mmoja na siku moja jela. Msamaha wa rais ulikuja 2018. Alishakufa tangu 1946.

Muda unaniishia. Joe Louis, Mweusi aliyetwaa ubingwa 1937, alikatazwa na mameneja wake, Weusi wenzake, kupigwa picha na mwanamke wa Kizungu au kumchekelea mpinzani aliyeanguka. Walijua kilichompata Johnson.

Na msidhani namtakasa Johnson. Akiwa bingwa alimkwepa Sam Langford, Mweusi mwenzake, kwa kuwa fedha zilikuwa kwenye mapambano na Wazungu. Baadaye Harry Wills, Mweusi, akamsubiri bingwa Mzungu Jack Dempsey miaka yote ya ubingwa wa Dempsey, 1919 hadi 1926. Pambano halikufanyika.

Haya, maswali.