Soka na Kriketi kwa Mwili Mmoja: Balderstone na Compton
(Mhadhara kwa walimu wa michezo, Dodoma)

Ndugu walimu, tuanze na 15 Septemba 1975. Chris Balderstone yuko Chesterfield, Uingereza, akiichezea Leicestershire kriketi dhidi ya Derbyshire. Jioni mchezo unasimamishwa akiwa na mikimbio 51 (ndizo alama za mpigaji), hajatolewa. Anavua pedi, kinga za miguu, anaingia garini hadi Doncaster, takriban kilomita 50. Tuseme kutoka hapa mjini hadi Bahi. Usiku huohuo anaichezea Doncaster Rovers dhidi ya Brentford, wanatoka 1-1. Asubuhi anarudi kupiga, anafikisha 116, kisha kwa kurusha anachukua wiketi 3, yaani anawatoa wapigaji watatu, na Leicestershire wanatwaa ubingwa wa kaunti, ligi ya kriketi ya Uingereza, kwa mara ya kwanza.

Watu husema kipaji. Mimi nasema tazameni namba yake, yaani nafasi yake uwanjani. Kwenye soka alikuwa kiungo wa pasi. Kwenye kriketi alirusha mipira ya taratibu, ya kuzungusha, kwa mkono wa kushoto: hatua chache, anaachia. Mrushaji wa kasi ni habari nyingine kabisa. Mguu wake wa mbele hutua na mzigo unaozidi mara 4 ya uzito wa mwili, mara 6 kila ova (zamu ya mirusho 6), huku kiuno kikijisokota. Mwongezee dakika 90 za soka jioni ileile, mgongo wa chini ndio utakaolipa.

Sasa Denis Compton, winga wa Arsenal na mpigaji wa kriketi. Mwaka 1947 alikusanya mikimbio 3,816 katika msimu mmoja, na mwaka 1950 akatwaa Kombe la FA. Lakini goti lilishaumia tangu 1938, alipogongana na kipa wa Charlton. Winga hulisokota goti kila anapokata ndani. Mpigaji anapofagia mpira wa taratibu, yaani kuupiga kwa kuzungusha gongo chini chini, goti la nyuma hushuka hadi kukaribia nyasi, na Compton alilipenda mno pigo hilo. Michezo miwili, kiungo kimoja cha mwili. Mwaka 1955 madaktari waliiondoa pia ya goti.

Kwa hiyo kijana akija na michezo yote miwili, muulizeni kwanza anacheza namba ngapi. Siku aliyorusha kwa kasi, mazoezi ya soka yawe pasi tu, bila mbio fupi. Na kiangazi chetu mnakijua: ardhi ngumu kama sakafu. Njumu za meno marefu hazizami, mchezaji anabaki amesimama juu ya meno, kifundo kinapinduka. Mpeni raba zenye meno mafupi, mengi.