San Nicolas, Aruba: upatu kwenye mji wa mafuta

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo kamera iko San Nicolas, kusini-mashariki mwa Aruba, kisiwa cha Karibea karibu na Venezuela. Huko nyuma yangu ndiko kilikokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Lago.

Mafuta ghafi yalitoka Ziwa Maracaibo, Venezuela. Mlango wa ziwa lile una fungu la mchanga, meli kubwa hazikupita, kwa hiyo vilitumika vimeli vidogo kuyaleta hapa penye bandari ya kina. Kisiwa hakikuwa na watu wa kutosha, na mabosi walikuwa Wamarekani. Wakaajiri watu wanaojua Kiingereza kutoka Grenada, St. Vincent, Guyana na kwingineko. Mabosi wakakaa Lago Colony, ndani ya uzio. Wakaribea wakajijengea mtaa wao, The Village, na mpaka leo Kiingereza chao mtakisikia hapa, kalipso ndiyo usiseme.

Sasa pesa. Watu hawa wana sou-sou, na Waguyana wanaiita box hand. Mtanzania akiona tu atasema: huu si upatu wetu? Ndiyo huo huo! Chukua watu 10, kila mmoja anatoa florini 100 (pesa ya Aruba) kila baada ya wiki mbili, siku ya mshahara. Kijumbe anakusanya, mmoja anaondoka na 1,000, na mzunguko unakwisha baada ya wiki 20. Wa kwanza kapata mkopo usio na riba. Wa mwisho kajiwekea akiba tu, riba hana.

Hatari iko mwanzoni. Aliyepokea kwanza katoa 100 tu, bado anadaiwa 900. Akitoweka, kijumbe anatoboka mfukoni. Kwa hiyo mgeni apewe zamu ya mwisho, hata akija na machozi, na mwenye mkataba wa kazi unaokaribia kwisha asipokee mapema hata kidogo.

Kuna tatizo jingine ambalo uaminifu hautibu: wote kuwa na mwajiri mmoja. Lago ilifunga 31 Machi 1985. Mchezo, yaani upatu, wa wafanyakazi wa kiwanda peke yao, siku kama ile michango yote inakauka kwa mpigo. Nyie mlio kwenye kampuni moja huko Ghuba, mkianzisha mchezo ingizeni na dereva wa teksi, mshonaji, mama ntilie. Na orodha ya zamu iandikwe kabla shilingi ya kwanza haijatoka, kila mtu apige picha yake.